Smuthi na Kitambi: Maswali na Majibu

Je, ipo smuthi inayoyeyusha mafuta ya tumboni?

Haipo. Tangawizi, ndimu, tango na mdalasini havina ubaya, lakini hakuna hata kimoja kinachoweza kuchagua mafuta ya tumboni na kuyaacha ya mapajani. Mwili hupunguza akiba yake ya mafuta unapotumia nishati nyingi kuliko inayoingia, na wenyewe ndio unaoamua uanzie wapi. Kwa hiyo smuthi humfaa mwenye kitambi pale tu inapochukua nafasi ya mlo mzito zaidi, mathalani chai yenye sukari nyingi na chapati mbili za asubuhi. Akivitumia vyote pamoja, atakuwa ameongeza chakula badala ya kupunguza.

Nisage nini, na niache nini?

Anza na mchicha au tango, ongeza tunda moja, mtindi usiotiwa sukari na maji, kisha kipande kidogo cha parachichi. Parachichi lina nyuzinyuzi nyingi, takriban gramu 7 katika kila gramu 100, lakini kiasi hichohicho kina kilokalori zipatazo 160, na ndiyo maana nasema kipande, si tunda zima. Usichuje, kwa sababu nyuzinyuzi zinazobaki kwenye chujio ndizo zinazochelewesha sukari kuingia katika damu. Usiongeze sukari wala asali, ambayo wengi huimimina bila hofu kwa kuwa ni ya asili, ilhali Shirika la Afya Duniani huihesabu pamoja na sukari nyingine zinazopaswa kubaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Vijiko vinne vya chai vya sukari, ambavyo si ajabu kuvikuta katika bilauri moja ya juisi ya kibandani, vinakaribia gramu 16.

Mbona njaa hunirudia mapema?

Kinywaji hakitafunwi na hupita upesi, hivyo hakishibishi kama tunda lililoliwa zima. Mtindi au karanga kidogo husaidia.

Nitajuaje kwamba kitambi kinapungua?

Tumia futi ya fundi cherehani badala ya kutegemea mizani peke yake. Izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kwa kawaida. Hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kupanda kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Nani ashauriane na daktari kwanza?

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, kwa kuwa kubadilisha mlo kunaweza kushusha au kupandisha sukari yake ghafla. Mgonjwa wa figo, kwa sababu ndizi na parachichi zina potasiamu nyingi. Na anayetumia simvastatini ya kupunguza kolesteroli, ambaye hapaswi kusaga balungi, kwani tunda hilo huongeza kiwango cha dawa hiyo katika damu.