Tiki Toa: timu ya soka la ufukweni ya Tahiti

Tiki Toa ni jina la utani la timu ya taifa ya soka la ufukweni ya Tahiti. Tiki ni sanamu za mtu zinazochongwa kwa mawe au mbao huko Polinesia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na toa ni shujaa wa vita. Neno "taifa" lisikuchanganye. Tahiti si nchi huru, ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Polinesia ya Ufaransa. Ila chama chake cha soka ni mwanachama wa FIFA tangu 1990, na hicho ndicho kinachohesabiwa.

Soka la ufukweni huchezwa pekupeku, watano kwa watano, juu ya mchanga wenye kina kisichopungua sentimita 40. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 12, na sare hakuna. Mchanga una mashimo na vilima, pasi ya chini haifiki. Kwa hiyo mchezaji hutia vidole vya mguu chini ya mpira, akauinua hadi usawa wa goti, akaupiga kabla haujatua. Mwenzake aliyelipa goli mgongo hana muda wa kugeuka. Hujitupa nyuma na kupiga tikitaka. Kwenye nyasi, bao la namna hiyo husimuliwa miaka. Mchangani ni kazi ya kila siku, maana ukianguka huumii.

Juni 2013, timu ya Tahiti ya soka la nyasi, la wachezaji 11, ilikwenda Brazil kwenye Kombe la Mabara, ikafungwa 6-1 na Nigeria, 10-0 na Hispania, 8-0 na Uruguay. Iliniuma kuona kisiwa kizima kinakumbukwa kwa vipigo hivyo, kwa sababu Septemba mwaka huohuo Kombe la Dunia la ufukweni lilichezwa kwao, Papeete, na Tiki Toa wakafika nusu fainali. Polinesia ya Ufaransa yote haina watu 300,000. Kupata humo kikosi cha kuizuia Hispania kwenye nyasi ni mlima. Kupata watu 12 wanaoujua mchanga kunawezekana.

Mwaka 2015, nchini Ureno, waliitoa Italia kwa penalti wakaingia fainali, wakafungwa 5-3 na wenyeji. Jonathan Torohia akatajwa kipa bora wa mashindano. Mwaka 2017, Bahamas, wakarudi fainali, Brazil ikawafunga 6-0. Hakuna timu nyingine ya Oceania iliyowahi kufika fainali ya kombe hilo.