Jaketi Okozi kwa Wanaovua Samaki kwa Chombo: Maswali na Majibu

Maswali haya ni yale ambayo sisi tunaohudumu katika chumba cha dharura huulizwa na wavuvi na, kwa masikitiko zaidi, na ndugu zao baada ya mtu kuanguka majini au chombo kupinduka. Yanamhusu anayevua kwa riziki na anayevua kwa kujifurahisha, awe baharini, ziwani au mtoni.

Kuzama kitabibu ni nini?

Ni mtu kushindwa kupumua kwa sababu njia yake ya hewa imefunikwa na maji au kimiminika kingine, awe amekufa baadaye au amepona. Ubongo ukikosa hewa ya oksijeni kwa dakika chache tu huanza kuharibika, na madhara hayo aghalabu hayarudi nyuma.

Jaketi okozi humsaidiaje aliyeanguka?

Humwongezea mwili uwezo wa kuelea. Mtu mzima huhitaji nyongeza ndogo tu ili mdomo na pua vibaki juu ya maji, lakini nyongeza hiyo ndogo akiitafuta kwa mikono na miguu atachoka, ilhali jaketi halichoki. Nguvu ya jaketi huandikwa kwenye lebo yake kwa kipimo cha nyutoni. Lenye nyutoni 50 humfaa anayejua kuogelea, aliye karibu na nchi kavu na karibu na msaada, wala halikuundwa kumgeuza mtu aliyezimia. Kuanzia nyutoni 100 jaketi huundwa ili kumlaza mtu chali na kuuinua uso wake, na lile la nyutoni 150 ndilo linalokusudiwa kwa maji ya mbali.

Najua kuogelea tangu utotoni. Jaketi la nini?

Kuogelea unakojua ni kule ulikojitosa mwenyewe, umevaa kidogo, umejaza pumzi na unajua unakoelekea. Anayeanguka kutoka kwenye chombo huanguka bila kutarajia, amevaa koti na viatu vya mpira, pengine amejigonga kichwa ukingoni au kamba ya wavu imemzunguka mguu. Maji yakiwa baridi, hasa chini ya nyuzijoto 15, mwili hushtuka na mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Kinywa kikiwa chini ya maji wakati huo, pumzi hiyo ya kwanza ndiyo inayomwingiza maji mapafuni. Akivuka dakika ya kwanza, ana takriban dakika 10 tu kabla vidole na mikono havijaanza kukataa kutii. Hata katika maji ambayo mkono unayaona ya uvuguvugu, mwili hupoteza joto haraka mno kuliko katika hewa, na saa kadhaa za kuelea ukisubiri msaada humaliza nguvu za mtu yeyote. Na yule aliyepigwa kichwa akazimia haogelei kabisa, hata angekuwa bingwa.

Jaketi ninalo chomboni, liko chini ya kiti. Nikiona hatari nitalivaa. Je, haitoshi?

Haitoshi. Hili ndilo jibu tunaloomba lisomwe mara mbili, kwa sababu watu wengi tunaoletewa wakiwa wamezama walikuwa na majaketi chomboni. Jaketi lililo chini ya kiti halimsaidii mtu aliye majini, kama vile chandarua kilichokunjwa sandukuni kisivyomzuia mbu.

Fikiria kinachotokea hasa. Chombo hupinduka ndani ya sekunde chache. Jaketi hunaswa chini yake au huelea na kusukumwa na upepo kwa kasi usiyoweza kuifuata. Hata ukilishika, huwezi kuingiza mikono, kufunga vifungo na kukaza mikanda huku mawimbi yakikupiga usoni, kwa kuwa mikono hiyo hiyo ndiyo inayokuweka juu ya maji, na jaketi lenyewe husukumwa juu kila unapojaribu kulivaa. Anayebisha na ajaribu kulivaa kando ya ufuo, maji yakiwa ya kifuani na mwenzake akiwa pembeni. Wengi hushindwa hata pale.

Kwa hiyo: livae kabla chombo hakijaondoka, ulivue ukishakanyaga nchi kavu.

Hata siku ambayo maji ni shwari?

Hata siku hiyo. Wimbi kubwa si sharti la kuanguka. Mtu huanguka akisimama kuvuta wavu, akiinama kunasua ndoana, akivuta kamba ya kuwashia injini huku uzito wake wote uko kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo, au akisimama ukingoni kukojoa. Hili la mwisho watu hulicheka, nasi hatuna la kuchekea; tumia chombo maalumu ukiwa umeketi. Takwimu za kila mwaka za Walinzi wa Pwani wa Marekani kuhusu boti za starehe zimekuwa zikionyesha jambo lilelile: miongoni mwa waliokufa kwa kuzama, zaidi ya 8 kati ya kila 10 hawakuwa wamevaa jaketi. Neno linaloangaliwa katika hesabu hiyo ni kuvaa. Kuwa nalo si kulivaa.

Na kama tunavua karibu na ufuo tu?

Livae. Aliyezimia huzama katika maji ya kiunoni.

Jaketi lina joto, linabana, na linanasa kwenye nyavu. Tufanyeje?

Malalamiko haya ni ya kweli, na si haki kuyapuuza, kwani anayefanya kazi usiku kucha akiwa amefungwa boya nene shingoni atalivua tu. Yapo majaketi membamba yaliyotengenezwa kwa wanaofanya kazi, yaliyo wazi mabegani, ambayo humwacha mtu avute kamba bila kuzuiwa. Yapo pia yale yanayojaa gesi yenyewe yakilowa au yakivutwa kamba yake. Haya ni mepesi na hayaleti joto, lakini yana masharti. Lazima yavaliwe juu ya koti, kamwe si ndani yake, kwa sababu yakijaa ndani ya koti lililofungwa yatakubana kifua. Mtungi wake wa gesi unapaswa kukaguliwa mara kwa mara kama umekazwa na haujatumika. Kama huwezi kujisumbua na ukaguzi huo, nunua la povu, lisilotumia gesi. Kuhusu kunasa, funga vifungo vyote na uchomeke ncha za mikanda. Kinachonaswa mara nyingi ni jaketi lililoachwa wazi likipepea.

Dumu tupu lililozibwa haliwezi kuchukua nafasi yake?

Dumu huelea, na aliye majini bila kingine chochote na alikumbatie. Lakini dumu hushikwa, na mikono iliyochoka au kupata ganzi huachia. Aliyepoteza fahamu hashiki kitu.

Mtoto avae lipi?

Linalolingana na uzito wake, kama lebo inavyoeleza. Tabia ya kumvalisha mtoto jaketi la mkubwa, au kumnunulia pana kwa matumaini kwamba atakua, inatuudhi kuliko tunavyoweza kuandika hapa kwa adabu: jaketi hilo hubaki juu ya maji na mtoto huteleza kutoka ndani yake. Mvalishe, funga kila kifungo pamoja na mkanda wa kupita katikati ya miguu, kisha lishike mabegani na umwinue kidogo. Likipanda hadi kufunika kidevu au masikio, si lake.

Kinywaji kidogo cha kuondoa baridi kina ubaya gani?

Pombe haiondoi baridi. Hupanua mishipa ya damu ya ngozi, mtu akahisi joto wakati mwili wake unalipoteza, na humharibia mizani akiwa amesimama mahali panapoyumba. Asipewe mtu kabla ya safari, wala asipewe aliyeopolewa.

Mwenzetu ameanguka. Tufanye nini?

Kwanza msingoje kelele. Methali husema mfa maji haachi kutapatapa, lakini anayezama aghalabu hatapatapi wala haiti: kinywa chake huzama na kuibuka, mikono hukandamiza maji pembeni, na ndani ya dakika moja au chini ya hapo hutoweka. Mmoja wenu amtazame bila kumwondolea macho, mwingine amrushie kamba au chochote kinachoelea. Mkimkaribia, zimeni injini ili pangaboi lisimkate. Mtu asiruke kumfuata, hasa bila jaketi, kwa kuwa hapo ndipo maiti moja huwa mbili.

Mkishamtoa, mlazeni chali. Kama hapumui au anatweta kwa mbali tu, mfungueni njia ya hewa kwa kuinamisha kichwa nyuma na kuinua kidevu, mbaneni pua, mumpulizie pumzi 5 mdomoni, kisha mkandamizeni katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpulizieni pumzi 2, na mwendelee hivyo bila kukoma huku chombo kikielekea kwenye msaada. Msimning'inize kichwa chini. Msimkanyage wala kumminya tumbo ili kutoa maji. Tunaendelea kuletewa watu waliominywa tumbo kwa dakika kadhaa za thamani huku hakuna aliyewapulizia pumzi hata moja. Kuminya huko humtapisha, na matapishi huingia mapafuni. Kinachomuua ni kukosa hewa, basi apewe hewa.

Akiwa anapumua lakini hajitambui, mlazeni ubavu. Mvueni nguo zilizolowa, mumfunike kwa vikavu, wala msimsugue mikono na miguu.

Amekohoa, amezinduka, anasema yuko sawa na anataka kwenda kulala. Tumwache?

Hapana. Aliyehitaji kupuliziwa pumzi, aliyepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, au anayeendelea kukohoa baada ya kutolewa majini aende hospitali sasa hivi. Si kesho asubuhi, si baada ya kuuza samaki. Maji yaliyoingia mapafuni huharibu utando mwembamba unaozuia vifuko vya hewa visisinyae, na hali inaweza kuzorota kwa saa kadhaa huku mgonjwa akionekana amechoka tu. Kupumua kwa haraka, povu mdomoni, maumivu ya kifua, midomo kubadilika rangi, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida ni dalili za kukimbizwa, lakini msizisubiri zijitokeze ndipo mtafute usafiri. Hospitalini ataangaliwa kwa saa kadhaa, apewe oksijeni ikihitajika, na akiwa mzima ataruhusiwa.

Aende naye mtu aliyeshuhudia, kwa maana daktari atauliza alikaa chini ya maji kwa muda gani, kama alijigonga, kama alipuliziwa pumzi, na kama alikuwa amevaa jaketi.