Shamari haitaki kuhamishwa

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na wenye bustani ni hili: "Nimepanda shamari niliyonunua duka la viungo, mbona haifanyi kitunguu?" Haitafanya. Mbegu za dukani ni za shamari ya majani na mbegu. Ile inayovimba chini ya shina, ambayo Waitaliano huikata nyembamba na kuila mbichi, ni aina nyingine. Mbegu zake utazipata kwa wauza pembejeo. Tena hiyo inapenda ubaridi. Lushoto au Limuru ijaribu, lakini kwenye joto la pwani huwahi kutoa maua kabla haijanenepa.

Kwa jikoni, ile ya dukani inatosha kabisa. Ila ipime kwanza: funga mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi, uzitunze na unyevu kwa wiki mbili. Zikiota mbili tatu tu, ujue zimekaa mno dukani. Zilizobaki tia kwenye chai.

Usizisie kitaluni. Shamari ni ndugu wa karoti na giligilani, na mzizi wake mkuu huzama moja kwa moja chini. Ukiukata wakati wa kuhamisha mche, mmea hudumaa au hukimbilia maua. Sia pale pale mmea utakapokaa, kina cha sentimita 1, penye jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji. Miche ikishika, ipunguze ibaki nusu mita kati ya mmoja na mwingine. Chagua pembezoni mwa bustani, maana mmea unaweza kufika mita 2 na kutia kivuli kila kilicho jirani.

Majani chuma yangali machanga. Mimi huyashindilia tumboni mwa changu pamoja na ndimu na kitunguu saumu kabla ya kumchoma. Kwenye mchuzi yatie mwishoni, ukikaribia kuepua, la sivyo harufu yote inapotea.

Mbegu zisingoje kukaukia shambani: zitapukutika, na msimu ujao utang'oa shamari hadi njiani. Huko California zimekuwa magugu sugu. Kata vishada kijani kinapoanza kugeuka hudhurungi, vitie kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi, ninginiza penye hewa. Vichache viache vichanue tu; inzi wa maua huvifuata, na viluwiluwi vyao hula vidukari.

Mbegu hizo zikaange kavu kidogo, ponda, tia kwenye chai au bizari ya samaki. Mtu mzima akinywa kikombe baada ya mlo, sina neno. Kumnywesha mtoto mchanga kwa ajili ya msokoto wa tumbo ndiko nisikokuunga mkono: shamari ina kemikali iitwayo estragoli, na Wakala wa Dawa wa Ulaya haupendekezi chai yake kwa walio chini ya miaka 4. Mtoto akilia tumbo, mpeleke kliniki.