Si kweli kwamba vijiji vya Marekani ya kale havikuhitaji duka wala fundi

Ujumbe huu unazunguka tena kwenye magrupu: eti katika Marekani ya karne ya 19 kila familia ya kijijini ilijitengenezea kila kitu, haikununua wala kukopa.

Sivyo. Hata kijiji kidogo kilikuwa na mhunzi, mshona viatu, kinu cha nafaka na duka. Na watu walikopa sana. Fungua daftari la mwenye duka wa enzi hizo: upande mmoja chai, sukari, misumari, upande wa pili siagi, mayai, siku moja ya kukata kuni. Deni lililipwa hivyo, pengine baada ya mavuno.

Unaweza kuhakiki. Fomu za sensa ya 1850 zimo mtandaoni, na zinaonyesha kazi ya kila mwanamume huru aliyezidi miaka 15. Kazi za wanawake na za watumwa hazikuandikwa humo, jambo linaloniuma.

Mkanganyiko unaeleweka: familia nyingi kweli zilichemsha sabuni na kushona nguo zao, na sarafu zilikuwa adimu, hivyo biashara haikuonekana kwa macho.

Tafadhali, ndugu, ukiletewa ujumbe huo usiusambaze. Unawafuta mafundi wale.