Kuishi chini ya Mahakama za Kiislamu mwaka 2006 si kosa: tarehe ambazo kila mwananchi anapaswa kuzijua

Tangu Mpango wa Shirika, mpango wa Kenya wa kugeuza kambi za wakimbizi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji, uzinduliwe Machi 2025 na mazungumzo yake yashike kasi, kitengo chetu cha ushauri wa kisheria kwa wakimbizi kimepokea malalamiko mengi kuhusu mwaka mmoja tu, 2006, wakati Muungano wa Mahakama za Kiislamu ulipotawala Mogadishu na sehemu kubwa ya kusini mwa Somalia. Wenyeji wanauliza mabarazani kwa nini "Al-Shabaab waliokimbia Mogadishu" wapewe hati za ukimbizi. Wakimbizi nao wanasema kwamba wakieleza kweli, kuwa waliishi Mogadishu au Kismayo wakati wa Mahakama, hata baadhi ya wakalimani huanza kuwatazama kwa jicho la shaka. Tunaamini wengi wa wanaouliza wana nia njema. Makala haya hayahusu faili la mtu yeyote, wala hayachukui nafasi ya uamuzi wa Kamishna wa Wakimbizi.

Muungano wa Mahakama za Kiislamu na Al-Shabaab havikuwa kitu kimoja. Tumelisema hili mara nyingi, na bado barua zinakuja zikiwa na majina hayo mawili yamefungwa pamoja. Mahakama za kwanza zilianza Mogadishu kaskazini mwaka 1994, kila moja ikiegemea ukoo wake. Kazi yake ilikuwa kukamata wezi na kuamua kesi za mtaani katika mji usio na polisi wala hakimu. Wafanyabiashara walizichangia kwa sababu walichoka kulipa kwenye vizuizi vya barabarani, ambavyo Wasomali huviita isbaro. Lori moja la bidhaa lilitozwa mara nyingi kabla ya kufika sokoni, na kila kizuizi kilikuwa na mbabe wake wa vita. Al-Shabaab lilikuwa kundi la vijana wapiganaji ndani ya muungano huo, likiwa na Aden Hashi Ayro miongoni mwa viongozi wake. Ndani ya mahakama hizohizo walikuwamo masheikh wa vijijini, wazee wa koo, wasomi waliorudi kutoka nje, na watu kama Hassan Dahir Aweys ambaye Marekani ilikuwa imemwekea vikwazo tangu 2001. Anayewaweka wote hawa kapu moja hawezi kueleza ilikuwaje mwenyekiti wao, Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, akachaguliwa kuwa Rais wa Somalia Januari 2009, akitambuliwa na Umoja wa Mataifa, kisha Al-Shabaab wakampiga vita.

Sasa tarehe. Februari 2006 mababe wa vita wa Mogadishu waliunda muungano wao waliouita wa kurejesha amani na kupambana na ugaidi, na Marekani ikawasaidia kwa fedha. Hapa ndipo wananchi wengi hukosea zaidi, maana hudhani upande mmoja ulikuwa wa serikali na mwingine wa waasi. Serikali ya Mpito iliyoundwa hapa Kenya mwaka 2004 chini ya Abdullahi Yusuf ilikuwa imekaa Baidoa, bunge lake likikutana kwenye ghala la nafaka, na haikuwa na jeshi la kuingia mji mkuu wake yenyewe. Mohamed Qanyare Afrah alikuwa waziri wa usalama wa taifa na mbabe wa vita kwa wakati mmoja. Muse Sudi Yalahow alikuwa waziri wa biashara, naye hivyohivyo. Walipigana Mogadishu bila idhini ya serikali yao, na Waziri Mkuu Ali Mohamed Gedi akawafuta kazi Juni, wakati mji ulikuwa umeshawaponyoka.

Mogadishu iliangukia Mahakama tarehe 5 Juni 2006, na Jowhar tarehe 14 Juni. Tarehe 22 Juni Serikali ya Mpito na Mahakama zilitia saini Khartoum kutambuana, lakini makubaliano hayo hayakudumu. Julai askari wa Ethiopia waliingia Baidoa kuilinda serikali. Mwezi huohuo uwanja wa ndege wa Mogadishu ulifunguliwa, na Agosti bandari, baada ya miaka zaidi ya 10 ya kufungwa. Agosti pia Mahakama zilifika Hobyo na Harardhere, ngome za maharamia. Kismayo ilichukuliwa tarehe 24 Septemba karibu bila risasi, baada ya wapiganaji wa Barre Hirale, aliyekuwa waziri wa ulinzi, kuuacha mji. Kisha wakazi wenyewe waliandamana kuzipinga Mahakama, na miraa ilipopigwa marufuku mjini humo Novemba, hasira ziliongezeka. Basi wapo waliokimbia vita, waliokimbia mababe, na waliokimbia Mahakama. Mhojaji anapaswa kuuliza ni lipi kati ya hayo, naye mkimbizi ana haki ya kujibu bila kuogopa.

Mwisho ulikuja kwa kasi. Vita vikubwa vilizuka karibu na Baidoa tarehe 20 Desemba. Majeshi ya Ethiopia na ya serikali yaliingia Mogadishu tarehe 28, na Kismayo tarehe 1 Januari 2007. Kenya ilifunga mpaka wake na Somalia siku mbili baadaye, na kituo cha kupokea wakimbizi cha Liboi, mji wa mpakani, kikafungwa. Tarehe hii ina uzito mkubwa katika faili. Aliyevuka kabla yake anaweza kuwa na karatasi ya Liboi. Aliyevuka baada yake huenda alipita vichakani hadi kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley au Hagadera, na kukosa karatasi hiyo si ushahidi wa kujificha.

Waliofika mwaka ule kutoka kusini na kati mwa Somalia walitambuliwa kwa kundi, kwa hiyo wengi hawakuhojiwa mmoja mmoja. Maswali ya kina huja baadaye, mtu anapoombewa kuhamia nchi ya tatu au faili lake linapopitiwa upya. Mhojaji hutumia kifungu cha 1F cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kinachomnyima ulinzi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba alitenda uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu mkubwa usio wa kisiasa nje ya nchi ya hifadhi, au vitendo vinavyopingana na malengo ya Umoja wa Mataifa. Kipimo ni kitendo cha mtu mwenyewe. Aliyelipa kodi kwenye mahakama ya mtaa wake, au aliyepeleka kesi ya deni mbele ya sheikh, hajatenda lolote kati ya hayo. Na kipimo hichohicho humhusu mlinzi wa kizuizi cha mbabe wa vita aliyepora abiria, hata kama bosi wake alikuwa waziri. Hakuna anayetuuliza kuhusu huyo mabarazani, na inatusikitisha, kwa sababu waliopata madhara yake ni wengi na wamo kambini.

Sheria ya Kenya ni kali na haipaswi kuchezewa. Chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, kuwa mwanachama wa kundi la kigaidi kunaadhibiwa kwa kifungo kisichozidi miaka 30. Kukusanya au kutoa mali kwa ajili ya vitendo vya ugaidi ni kifungo kisichozidi miaka 20. Kosa lazima lithibitishwe mahakamani. Kwa upande wa pili, kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayempa mtumishi wa umma habari anazojua ni za uongo, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mitatu. Tunalitaja hili kwa sababu tumeona tuhuma zilizoanzia kwenye ugomvi wa maji na malisho zikiandikwa kama tuhuma za ugaidi. Mwenye taarifa ya kweli aipeleke polisi, aeleze alichokiona, wapi na lini. Uvumi wa "wanasema" hausaidii uchunguzi, na unaweza kumtenga mama na watoto wake na huduma kwa miezi.

Kwa mkimbizi: taja mji, mtaa, na nani aliushika siku ulipoondoka. Usipokumbuka tarehe, taja tukio, kwa mfano kabla ya Ramadhani ya mwaka ule, au baada ya Ethiopia kuingia. Usibadilishe jina la mji ili uonekane umetoka mahali "salama", kwa sababu tofauti hiyo ikigunduliwa huharibu hata sehemu za kweli za maelezo yako, na hadhi iliyopatikana kwa uongo inaweza kufutwa. Usikubali kusaini maelezo ambayo hayajasomwa kwako kwa lugha unayoielewa. Mkalimani akiongeza maneno yake, mwambie mhojaji papo hapo na uombe iandikwe kwenye faili. Uamuzi ukikukataa, tunza barua yenye sababu na uiweke tarehe ya siku uliyoipokea, kwa sababu muda wa kukata rufaa kwenye Kamati ya Rufaa, na baadaye Mahakama Kuu, huhesabiwa kutoka siku hiyo.