Kanisa halijamwambia mke akae apigwe

Nafanya kazi katika ofisi ya ndoa ya jimbo. Kama ningepewa nafasi ya kupiga marufuku sentensi moja katika jumuiya zetu ndogondogo, ingekuwa hii: "Mkatoliki haondoki kwenye ndoa hata apigwe vipi, na akiondoka asikomunike."

Nimeisikia kwa wenyeviti wa jumuiya, kwa wasimamizi wa ndoa, kwa mama wakwe. Juzi imeletwa tena na mama mmoja mwenye bahasha ya kaki, ndani yake cheti cha ndoa na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya aliyejeruhiwa, iliyokunjwa hadi inachanika kwenye mikunjo. Anaishi kwa dada yake tangu Kwaresima. Wenzake wakipanga mstari wa komunyo, yeye anabaki kwenye benchi kwa kuwa ameambiwa "amejitenga mwenyewe na sakramenti". Hana mwanamume mwingine. Kosa lake ni kukimbia ngumi.

Kanoni ya 1153 ya Sheria za Kanisa, toleo la 1983, haina mafumbo. Mwenzi anayemhatarisha vibaya mwenzake au watoto, kimwili au kiroho, anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka. Kwa kawaida anaondoka kwa uamuzi wa askofu wa mahali, lakini kama kuchelewa ni hatari anaruhusiwa kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Hasubiri kikao cha jumuiya. Na Papa Fransisko aliandika katika Amoris Laetitia, waraka wake wa 2016 juu ya upendo katika familia, kwamba zipo hali ambapo kutengana kunakuwa lazima kimaadili. Waliotengana au kutalikiwa bila kuingia ndoa nyingine wanatiwa moyo humo humo wapate chakula chao katika Ekaristi. Yule mama anayebaki kwenye benchi anahusika moja kwa moja.

Hapo ndipo ninapotupiwa Mathayo 19: "Aliowaunganisha Mungu, mwanadamu asiwatenganishe." Sawa kabisa. Kifungo cha ndoa hakijakatika, na ndiyo maana aliyeondoka hawezi kufunga ndoa nyingine mwenzake akiwa hai. Lakini kifungo ni kitu kimoja, kulala nyumba moja ni kingine, na Kanisa limetofautisha mambo haya mawili tangu zamani. Anayevichanganya akidhani anaitetea imani mbele ya walokole wa ofisini kwake anatetea fundisho ambalo Kanisa halina.

Wengine hukimbilia "ndoa ni msalaba", maneno yanayoanzia kwenye kicheni pati. Msalaba wa ndoa ni kumuuguza mwenzako aliyepooza, ni kula mlo mmoja pamoja biashara ilipokufa. Kumvunja mtu taya ni jinai.

Kanoni hiyohiyo inasema sababu ikikoma, maisha ya pamoja yarejeshwe, isipokuwa mamlaka ya Kanisa imeamua vingine. Angalia neno "ikikoma". Mume kulia mbele ya wazee Jumamosi na kuapa hatarudia hakujakomesha kitu. Mimi nataka kuona miezi ya mabadiliko, na pombe imeachwa kama ndiyo chanzo. Kwa unayepigwa: nenda hospitali, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, toa nakala ya PF3 uiache kwa mtu unayemwamini, andika tarehe. Kisha nenda kwa paroko mwenyewe. Usimtume mama mkwe akusemee, nakusihi.

Hizi nyingine nazijibu kwa haraka.

"Ukienda mahakamani kudai talaka umejitoa Kanisani." Hapana. Katekisimu, namba 2383, inasema talaka ya serikali inaweza kuvumiliwa kama ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au urithi. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 hapa Tanzania, mahakama hugawa mali ya wanandoa inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Mwanamke anayetaka sehemu ya nyumba aliyoijenga hajaasi dini.

"Kubatilisha ndoa ni talaka ya Wakatoliki wenye hela." Mahakama ya Kanisa haivunji ndoa. Inachunguza kama siku ile ya harusi palikuwa na ndoa kweli: kama ridhaa ilikuwa huru, kama kuna jambo zito lililofichwa, kama mtu alikuwa na uwezo wa kubeba wajibu ule. Tangu Papa Fransisko abadilishe taratibu za mashauri haya mwaka 2015, hukumu moja ya kubatilisha inatosha isipokatiwa rufaa, na aliagiza mashauri yawe bila malipo kadiri inavyowezekana.

"Ndoa ikibatilishwa, watoto wanakuwa haramu." Kanoni 1137. Watoto ni halali. Basi.

"Ukioa Mwislamu lazima kwanza abatizwe." Halazimishwi mtu. Anayehitaji kibali cha askofu ni wewe Mkatoliki, na ni wewe unayeahidi kutunza imani yako na kufanya uwezalo watoto wabatizwe Kikatoliki. Mwenzako anajulishwa ahadi hiyo ili asije kushangaa baadaye. Kwa Mlutheri nako ruhusa inahitajika. Na kibali kinaombwa mapema, jamani, si wiki ya sendofu wakati kadi zimeshagawiwa na ukumbi umeshalipiwa.