Kwa nini vizibo viwili vilivyopinduliwa hushikamana: magnoni katika mnyororo wa spini

Kwenye baraza za Ngamiani, Tanga, drafti huchezwa kwa vizibo vya soda: vya huyu vimefunikwa, vya yule vimefunuliwa. Kizibo kina hali mbili, na spini ya nusu (usumaku mdogo wa asili wa elektroni), ukiipima kwa mhimili mmoja, nayo hujibu kwa mbili tu, juu au chini. Spini halisi hukaa pia katika mchanganyiko wa hali hizo, jambo ambalo kizibo hakiwezi. Hilo tutalifidia kwa hesabu.

Panga vizibo 12 kwa mstari, vyote vimefunuliwa. Huo ni mnyororo wa ferosumaku, ambamo majirani hupenda kufanana. Majirani wakifanana, kiungo kati yao kimetulia. Wakitofautiana, kiungo kinadai nishati ya J/2, J ikiwa kipimo cha nguvu ya kiungo. Pindua cha 3 na cha 9. Viungo vilivyoharibika ni vinne, gharama 2J. Sasa kirudishe cha 9, upindue cha 4 badala yake. Vilivyoharibika ni viwili tu, gharama J. Mvuto wote kati ya vizibo hivyo viwili unatoka hapo, hakuna nguvu nyingine iliyojificha.

Lakini kizibo kilichopinduka hakitulii. Modeli ya sumaku ya Heisenberg huruhusu majirani wawili wasiofanana kubadilishana nafasi, na kutangatanga huko hupunguza nishati. Kizibo kimoja kinachotangatanga kama wimbi ndicho magnoni. Viwili vikibanana vinapata nafuu ya viungo, ila vinapoteza uhuru wa kutembea. Kipi kinashinda? Mwanafizikia Hans Bethe alilijibu mwaka 1931: katika mnyororo, jozi inayosafiri hushikamana, kwa K yoyote isiyo sifuri (K ni pembe ambayo wimbi la jozi hugeuka kwa kila hatua moja ya mnyororo). Katika fuwele ya pande tatu mambo si hivyo. Huko K ndogo haitoshi kuzifunga.

Uhakikishe mwenyewe. Wengi huanza kwa kujenga matriksi ya mnyororo mzima, na hapo ndipo kompyuta inapokwama, maana spini 20 tu zina hali 1,048,576. Kazi ya bure. Idadi ya vilivyopinduka haibadiliki, basi baki na viwili. Mwendo wa jozi nzima ni wimbi lenye nambari K, basi kinachobaki ni umbali r kati yao. Kwenye ulalo wa matriksi andika 2J kila mahali, isipokuwa nafasi ya kwanza kabisa, ya r = 1, ambapo unaandika J. Kwenye mistari miwili inayopakana na ulalo, juu na chini yake, andika −J mara kosaini ya K/2. Kwingine kote sifuri. Anza na mistari 200. Octave, programu ya hesabu, kwa amri ya eig inayotoa viwango vya nishati, itamaliza kabla hujameza funda la kahawa.

Weka J = 1 na K nyuzi 90. Kiwango cha chini kabisa kitatoka 0.5000. Cha pili ni takriban 0.586, kisha viwango vinasongamana hadi karibu 3.414. Msongamano huo ni ukanda wa magnoni mbili zilizo huru. Kile kilichojitenga chini yake ndiyo hali fungamani. Kanuni yake ni J mara kipeo cha pili cha saini ya K/2. Chungulia pia wimbi lenyewe: kwa nyuzi 90, uwezekano wa kuzikuta mbali zaidi hupungua nusu kwa kila hatua moja. Kwa nyuzi 180 haziachani kabisa.

Makosa ninayoyaona mara nyingi ni mawili. La kwanza, mtu anasahau ile J ya r = 1 na kuandika 2J; hali fungamani inatoweka, naye anatafuta kosa kwingine kutwa nzima. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kwa K ya nyuzi 3.6 jozi imelegea sana, upana wake unazidi nafasi 2,000. Ukibaki na mistari 200, ukuta wa mwisho unaibana na kuisukuma juu ndani ya ukanda, nawe unatangaza kwamba haipo. Weka mistari 10,000, lakini tumia programu ya matriksi zenye ulalo na mistari miwili ya kando yake tu, la sivyo kumbukumbu itajaa.

Wanafizikia Torrance na Tinkham waliziona jozi hizi mwaka 1969 katika kloridi ya kobalti yenye maji, kwa mwanga wa infraredi ya mbali.

Sasa geuza alama ya J: majirani wanataka kutofautiana. Panga vizibo kimoja juu kimoja chini, kisha pindua cha 6. Viungo viwili vimeharibika, pande zake zote mbili. Badilisha cha 7 na cha 8 nafasi, na kiungo kibovu cha kulia kinajiondokea hadi kati ya 8 na 9, bila gharama mpya. Upinduo mmoja umepasuka vipande viwili. Hizo ni spinoni.

Mfano wake uko maduka ya pembejeo: mrututu (salfeti ya shaba), huo wa bluu ambao wakulima wa Lushoto hupulizia mimea dhidi ya ukungu. Sehemu ya shaba yake hujipanga kwa minyororo. J yake inalingana na kelvini 3 hivi, na joto la Tanga ni karibu kelvini 300, kwa hiyo wa dukani spini zake zinavurugika ovyo. Waliopima spinoni zake kwa nyutroni waliupoza hadi sehemu ndogo ya kelvini moja, na fuwele waliziotesha kwa maji mazito, kwa kuwa hidrojeni ya kawaida hutawanya nyutroni kila upande.

Uga wa sumaku wa tesla 5 huzilaza spini hizo zote upande mmoja, na magnoni zinarudi. Hapo matriksi yetu inafaa tena ikiwa na alama zilizogeuzwa, uga ukiongeza kiasi kilekile kwa kila kiwango. Ukiacha uga pembeni, kwa nyuzi 90 utasoma −0.5000 juu kabisa, na ukanda unaanzia −0.586 kushuka: jozi imefungamana juu ya ukanda.